Mbeba Mzigo Naye Apewe Jina

Yako mazungumzo ambayo siku hizi husikika kila walipo watu wawili watatu: kazini saa ya mapumziko, ndani ya mabasi yaendayo Kasulu na Kibondo, hata nje ya ofisi za matawi ya Chama, wajumbe wakingoja mkutano uanze. Si mazungumzo ya bei ya mahindi wala ya mbolea. Ni mazungumzo ya tamthilia ya jana usiku: nani kamlaghai nani, nani kamwacha mumewe, na mali ya marehemu itarithiwa na nani. Wako wazee wauonao mtindo huo kuwa upuuzi mtupu. Sisi hatuoni hivyo. Watu wazungumzapo juu ya hadithi huwa wazungumza juu ya maisha yao wenyewe, ila kwa njia ya mzunguko.

Kwa hiyo leo twaomba ruhusa ya ndugu wasomaji tuziache kidogo habari za pembejeo na mapato ya halmashauri, tuseme maoni yetu juu ya vitabu, filamu na tamthilia za miaka hii ya karibuni. Hatusemi kama mahakimu. Twasema kama wasomaji na watazamaji, na asiyekubaliana nasi yu huru kukataa.

Jambo lenyewe si dogo kama lionekanavyo. Kwa miaka mingi miji ya nyanda za juu za Kigoma iliangazwa na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakinguruma na kuzimika. Mwaka 2022 mji wa Kasulu uliunganishwa na Gridi ya Taifa. Umeme ukifika huleta mashine ya kusaga, huleta mashine ya kuchomelea vyuma, na huleta televisheni. Juu ya mashine ya kusaga hatuna neno. Unga wake twaujua na ugali wake twaula. Lakini unga usagwao na televisheni, nani aupepetaye?

Sisi tunao ungo wetu mmoja, nao ni mwepesi kuutumia. Kila tusomapo kitabu au kutazama filamu, twajiuliza: humu ndani, nani anabeba mzigo? Na huyo abebaye, je, analo jina? Anayo sauti? Au ni mgongo tu upitao mlangoni, ukaweka sinia la chai mezani na kutoweka?

Tuanze na kitabu kilichotufurahisha kuliko vyote. Mwaka 2021 Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wengi walishangilia, lakini waliokuwa wamesoma vitabu vyake walikuwa wachache, maana vyote aliviandika kwa Kiingereza. Mwaka 2022 shirika la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam likatoa riwaya yake ya mwaka 1994, *Paradise*, kwa Kiswahili, ikiitwa *Peponi*. Mfasiri wake ni Dakta Ida Hadjivayanis. Kazi hiyo ni njema sana. Mtu akisoma *Peponi* haoni kwamba maneno yamevuka bahari na kurudi. Aona kwamba yamefika kwao.

Habari yake ni ya kijana Yusuf, ambaye baba yake amewiwa na tajiri Aziz, akashindwa kulipa, akamtoa mwanawe awe rehani ya deni. Kijana hapewi mshahara, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye malipo. Twawauliza ndugu zetu wafanyakazi: je, iko njia iliyo wazi kuliko hiyo ya kuonyesha unyonyaji ni kitu gani? Mwandishi hakuhubiri. Hakuna hotuba hata moja katika kitabu kizima. Amemweka mtoto dukani, akamnyamazisha, nasi twaielewa dhuluma yote.

Kisha msafara waingia bara, pamoja na wapagazi na mnyapara wao mwenye fimbo, ukavuka ziwa mpaka nchi ya mtawala aitwaye Chatu. Hapo sisi watu wa mkoa huu yatupasa tusome polepole. Njia ya misafara iendayo Ujiji ilipita chini ya milima yetu, karibu na chumvi ya Uvinza na mto Malagarasi. Mwaka 1871 Bwana Stanley alipita nchi ya Buha, akadaiwa hongo na watawala wa Waha hata akaamua kupenya usiku kwa kunyemelea ili asilipe tena. Katika kitabu chake yeye, Waha ni watu wa kero waliozuia njia. Lakini mtu apitaye katika nchi ya wenzake na vitambaa na bunduki, kisha akanung'unika akitozwa ushuru, ni nani hasa mwenye kero?

Gurnah ametenda haki kuliko Stanley. Wafanyabiashara wake huwaita watu wa bara washenzi, naye haifichi aibu hiyo. Tena amempa Chatu nafasi ya kueleza kwamba watu waliotangulia walimwibia. Hata hivyo tunalo shauri moja dogo. Wapagazi wa kitabu hicho, wale waliobeba pembe na vitambaa, wakaugua na kufa njiani, wengi wao wamebaki kundi tu. Tunazijua fikira za Yusuf, twazijua hila za tajiri, lakini fikira za mwenye mzigo kichwani hatukuzijua. Si lawama kwa mwandishi, maana kila mwandishi ana dirisha lake. Ni pengo, nalo linangoja mtu wa kuliziba.

Mwaka 2025 Gurnah alitoa riwaya nyingine, *Theft*, yaani Wizi. Humo yumo Badar, kijana maskini aliyepelekwa Dar es Salaam kuwa mtumishi katika nyumba ya watu, akasingiziwa wizi. Safari hii mbeba mzigo analo jina, anayo hofu yake, anayo na heshima yake. Kila mwenye kijana wa kazi nyumbani kwake, na wengi wa wasomaji wetu wanao, angefaa akisome kitabu hiki kabla hajauliza tena ni nani aliyeichukua ile noti iliyokuwa mezani. Twaomba nacho kitiwe katika Kiswahili upesi, maana wale kinaowahusu zaidi ndio wasioweza kukisoma kwa lugha ya Kiingereza.

Tukija kwenye filamu, ya kwanza kwetu ni *Vuta N'kuvute*, iliyoongozwa na Bwana Amil Shivji na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar. Yasmin, binti aliyeozwa asikotaka, akutana na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru wa Zanzibar. Picha zake ni nzuri kupita kiasi; pengine kupita haja. Yako mahali twatazama kivuli cha dirisha juu ya ukuta kwa muda mrefu, tukatamani mtu afungue mlango atuambie kesho mkutano ni saa ngapi. Lakini tulifurahi kuisikia lahaja ya Unguja ikisemwa bila kuona haya, na kuuona ukombozi ukitendwa na watu wenye njaa, wivu na mapenzi, si na sanamu za shaba.

Shauri letu kwa Bwana Shivji na wenzake ni hili: huyo huyo Adam Shafi aliandika *Kuli*, kitabu cha mwaka 1979 juu ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Mgomo wa kweli ulitokea mwaka 1948, ukausimamisha mji. Watoto wetu wamekisoma kitabu hicho shuleni kwa miaka mingi. Filamu yake iko wapi? Mapenzi ya Yasmin yamepata mwanga wa kamera. Makuli nao wanastahili kumulikwa.

Sasa tuingie katika mabanda. Katika miji yetu mingi, Kasulu na Kibondo zikiwamo, watu huenda kutazama picha katika kibanda umiza, jina lililobuniwa na watazamaji wenyewe kwa sababu ya mabenchi yake. Huko sauti isikikayo sana si ya mchezaji wa Marekani, India au Korea. Ni ya mfasiri, ambaye huingiza Kiswahili chake juu ya picha, akaeleza, akatania, akaonya, na mara nyingine akatunga habari isiyokuwamo kabisa. Aliyevuma zaidi katika kazi hiyo aliitwa Lufufu. Wasomi wengine huwadharau watu hawa. Sisi twawaona ndugu wa wale wazee waliokuwa wakisimulia hadithi jioni mbele ya moto: hawakubali mgeni aingie nyumbani bila kutambulishwa kwa wenyeji.

Maana kutafsiri si aibu katika nchi hii. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais na mambo ya dola yamemjaa mezani, alifasiri *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kwa hiyo hatusemi kwamba cha kigeni kitupwe. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipotiwa Kiswahili ilipendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi mwaka 2013; na ilipendwa kwa sababu mama mkwe ni mama mkwe, awe Beijing au awe Kibondo. Vilevile ile tamthilia ya Kituruki iitwayo *Sultan*, iliyoonyeshwa na Azam TV kwa sauti za Kiswahili, imewapa vijana wetu kazi ya kutia sauti, na twaipongeza kwa hilo. Lakini tuipitishe katika ungo wetu. Twamjua kila kipenzi wa Sultani, twazijua nguo zake na pete zake. Wale wanaozifua nguo hizo wako wapi? Mtazamaji wa Kasulu, ambaye yeye mwenyewe ni mfuaji au ni mama wa mfuaji, hukaa usiku baada ya usiku akiwasikitikia watu wa jumba la kifalme, hata akasahau kujisikitikia mwenyewe.

Na za kwetu je? Chaneli ya Maisha Magic Bongo imetuletea *Huba* na *Jua Kali*, na kazi hizo zimethibitisha jambo moja kubwa: Watanzania wako tayari kuwatazama Watanzania. Wachezaji ni hodari, Kiswahili chao ni hai. Malalamiko yetu ni juu ya tamthilia zetu kwa jumla, wala si juu ya hii au ile. Mno zinapenda sebule. Mno zinapenda magari na kurithi. Mara chache sana twamwona mtu akifanya kazi. Utajiri umekwisha kupatikana kabla ya sehemu ya kwanza, wala haielezwi ni jasho la nani. Na mtu wa bara ya mbali akitiwa humo, mara nyingi hutiwa ili achekeshe: anashangaa ghorofa, anakosea maneno, matamshi yake ya nyumbani yanageuzwa mzaha. Waha wanaifahamu sana dhihaka hiyo. Walitukanwa kwa kazi ile ile iliyoyatajirisha mashamba ya wengine.

Hapo ndipo tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo.

Katika miaka ya ukoloni, Kasulu na Kibondo ziliwekwa kuwa ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwako. Shirika la kuajiri la wenye mashamba ya mkonge, lililoitwa SILABU, lilianzishwa mwaka 1944, likawa linapandisha malori yake katika milima hii kukusanya vijana. Waliteremka hadi kwenye reli, wakapelekwa mashamba ya Tanga na kwingineko. Huko waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa nambari. Tafadhali, msomaji, litafakari neno hilo. Mtu alitoka kwao akiwa na jina alilopewa na baba yake na nyanya yake, akafika shambani akawa nambari. Siku zake zilihesabiwa katika kipande, siku 30 za kazi, na matita yake ya majani yalihesabiwa jioni. Ndio watu hao ambao mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na wenzao wa makabila mengine, walijifunza chama cha wafanyakazi ni nini na mgomo ni nini, kama ule wa Mazinde mwaka 1958.

Iko wapi riwaya ya manamba wa Kiha? Iko wapi filamu yake? Sisi hatujaiona. Na kamera hazikukosa kufika katika wilaya hizi. Zimekuja mara nyingi, lakini zimekwenda Nyarugusu, iliyowapokea ndugu zetu wa Kongo tangu mwaka 1996, na Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi. Ni haki ziende huko. Lakini ulimwengu umeonyeshwa Kasulu na Kibondo kana kwamba ni mahema na foleni ya maji tu, na yule mkulima wa Kiha aliyewapisha wageni ardhi yake tangu zamani hata leo hana jina katika picha hizo.

Haiwezi kusemwa kwamba mtu wa chini hafai kuwa shujaa wa sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa Tanganyika filamu iitwayo *Muhogo Mchungu*, habari za mtu wa shamba aliyekwenda mjini na yaliyompata huko. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1955 kijana huyo akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, na baadaye akawa Waziri Mkuu. Hatusemi kwamba filamu ile, iliyotengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, ilikuwa ya ukombozi. Twasema kwamba nchi hii ilianza sinema yake kwa uso wa mkulima, na uso wa mtetezi wa wafanyakazi.

Wala hatukosi masimulizi mengine. Mwami Theresa Ntare wa Heru, Kasulu, alikuwa mwanamke aliyetawala wakati wa Waingereza, kisha akaingia Bungeni nchi ilipokuwa inajitawala. Waturuki wamemfanyia tamthilia ndefu mwanamke wa jumba la Sultani. Sisi malkia wetu wa milimani hatujampa hata saa moja. Na kalamu nazo zimewahi kutoka mkoa huu. Marehemu Ben R. Mtobwa, mwana wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, aliwakesha Watanzania wengi kwa hadithi za upelelezi za Joram Kiango na kwa *Dar es Salaam Usiku*. Twamheshimu sana. Lakini yeye alikwenda mjini, akauandika mji. Tunacho kitabu cha usiku wa Dar es Salaam. Bado hatuna kitabu cha alfajiri ya Kasulu.

Tena wakati hautungoji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 alipopanda lori la SILABU sasa yu mzee wa miaka 90 au zaidi. Wako wachache waliobaki katika vijiji vyetu, wameketi barazani, na kipande chake mmoja pengine bado kimo sandukuni chini ya nguo. Mzee huyo akizikwa, riwaya nzima yazikwa pamoja naye, wala hakuna tuzo itakayoifufua.

Kwa hiyo twasema hivi. Walimu wa Kasulu na Kibondo wawatume wanafunzi wao, kila mmoja na daftari, waende kwa mababu zao wakaulize na kuandika: ulikwenda wapi, ulibeba nini, ulilipwa kiasi gani, ulirudi na nini. Simu za mkononi zinazotumika kurekodi ngoma na mpira zitumike pia kurekodi sauti za wazee hao, kwa Kiha na kwa Kiswahili. Matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yatenge kona ya vitabu, japo rafu moja, na *Peponi* na *Kuli* viwe vya kwanza juu yake. Vijana wenye kipaji wasiogope: iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili mwaka 2023, nayo haiulizi mwandishi anakaa mtaa gani. Na watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam, ambao kila mwaka hutafuta nyumba mpya yenye sebule kubwa ya kukodi, wajaribu mara moja kupanda milima hii. Mwanga wa asubuhi hapa ni wa bure.

Mpaka siku hiyo tutaendelea kutazama, kusoma na kuzungumza, wala hatutamkataza mtu tamthilia yake ya jioni. Twaomba jambo moja tu la ndugu zetu wanachama na wafanyakazi. Usiku wa leo, yule mtumishi atakapopita na sinia nyuma ya tajiri akitoa hotuba yake, mtazameni yeye. Ulizeni anaitwa nani. Wakiuliza watazamaji wa kutosha, watunzi watalazimika kujibu.